Mapafu na figo: Pumzi ikikatika, usilaumu kifua pekee

MTU akianza kukosa pumzi, jambo la kwanza kwa wengi ni kukimbilia dukani kununua dawa ya kikohozi. Miguu ikifura, wanasema ni uchovu, ni viatu vya kubana, au ni uzee. Kwa kawaida, hakuna anayefikiri kwamba mambo haya mawili yanaweza kuwa na chanzo kimoja, wala kwamba pumzi inayokatika huenda inatokana na figo, huku miguu iliyofura ikitokana na mapafu.

Mpenzi msomaji, wiki hii tutaangalia jinsi maradhi ya kawaida ya mapafu na ya figo yanavyouathiri mwili, na kwa nini si vyema kuyatenganisha. Viungo hivi vina kazi inayofanana, nayo ni kuisafisha damu. Mapafu huondoa taka iliyo katika hali ya hewa, nazo figo huondoa taka iliyoyeyuka majini. Kimoja kikishindwa na kazi, kingine huongezewa mzigo.

KAZI YA MAPAFU

Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Hiyo ni zaidi ya mara 17,000 kwa siku. Hewa hupitia puani na kooni, kisha huingia katika bomba kuu ambalo hugawanyika kama matawi ya mti hadi kufikia vifuko vidogo sana vya hewa. Vifuko hivyo hukadiriwa kuwa milioni 300 au zaidi.

Kuta za vifuko hivi ni nyembamba mno na zimezungukwa na mishipa midogo ya damu. Hapo ndipo damu huchukua oksijeni na kuacha kaboni dayoksaidi, ambayo hutoka tunapopumua nje. Kwa hivyo, ugonjwa wowote unaobana njia za hewa, au unaojaza vifuko hivi usaha, maji au makovu, huunyima mwili mzima oksijeni. Ubongo, moyo na misuli huanza kulalamika mara moja.

KAZI YA FIGO

Figo ni mbili, kila moja ikitoshana na ngumi ya mtu mzima. Zimekaa nyuma ya tumbo, moja kila upande wa uti wa mgongo, chini kidogo ya mbavu. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo vipatavyo milioni moja. Kwa siku moja figo huchuja karibu lita 180 za majimaji kutoka kwenye damu, lakini karibu yote hurejeshwa mwilini. Kinachobaki, kiasi cha lita moja hadi mbili, ndicho mkojo.

Hata hivyo, figo hazitengenezi mkojo tu. Hupima kiasi cha maji na chumvi mwilini, hudhibiti shinikizo la damu, hupunguza asidi katika damu, huisaidia mifupa kutumia vitamini D, na hutoa homoni inayouamuru uboho wa mifupa utengeneze chembe nyekundu za damu. Ndiyo sababu mgonjwa wa figo huweza kulalamikia mambo mengi yanayoonekana hayahusiani: kufura, kukosa damu, kuwashwa ngozi, kichefuchefu, kuumwa na mifupa na kuishiwa na pumzi.

Ubaya wa figo ni kwamba hazipigi kelele. Mapafu yakiumwa, mtu hukohoa na kuhema. Figo huweza kuharibika kwa miaka mingi bila maumivu yoyote, na dalili zikaja kujitokeza wakati sehemu kubwa ya vichujio imekufa.

MARADHI YA KAWAIDA YA MAPAFU

Pumu. Njia za hewa za mtu mwenye pumu zimevimba kwa ndani hata siku anapojihisi mzima. Akikutana na vumbi, moshi, baridi, mafua au manyoya ya wanyama, misuli ya njia hizo hujibana na makamasi huongezeka. Matokeo ni kifua kubana, kikohozi hasa usiku, na pumzi yenye sauti kama ya filimbi.

Wengi hutegemea inhela ya buluu peke yake. Dawa hiyo hufungua njia za hewa kwa muda lakini haitibu uvimbe. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu unashauri kwamba watu wazima na vijana wasitibiwe kwa dawa ya aina hiyo pekee, bali wapewe pia dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe. Ikiwa inhela yako ya buluu inaisha upesi kila mwezi, hiyo ni ishara kwamba pumu yako haijadhibitiwa. Rudi kwa daktari.

Nimonia. Huu ni ugonjwa ambapo viini huingia katika vifuko vya hewa na kuvijaza majimaji na usaha. Mgonjwa hupata homa, kikohozi, na kichomi anapovuta pumzi. Kwa mtoto mdogo, mzazi anaweza kugundua hatari kwa kuhesabu pumzi kwa dakika moja kamili wakati mtoto ametulia. Mtoto wa chini ya miezi miwili asifikishe pumzi 60 kwa dakika. Wa miezi miwili hadi kumi na mmoja asifikishe 50. Na wa mwaka mmoja hadi miaka mitano asifikishe 40. Akifikisha au kupita hapo, au kifua kikibonyea ndani chini ya mbavu anapovuta pumzi, apelekwe hospitalini bila kuchelewa. Kenya ilianza kutoa chanjo ya kukinga nimonia inayoletwa na bakteria ya pnyumokoka mwaka wa 2011, na mtoto huipata anapofikisha wiki sita, kumi na kumi na nne.

Kifua kikuu. Mnamo Machi 24, 1882, daktari Mjerumani Robert Koch alitangaza kwamba amegundua bakteria inayosababisha ugonjwa huu. Bakteria hiyo huenea hewani mgonjwa anapokohoa au kupiga chafya. Hula sehemu za mapafu polepole na kuacha mashimo na makovu. Dalili ni kikohozi kisichoisha, kutokwa na jasho usiku, kukonda, homa za jioni, na wakati mwingine makohozi yenye damu. Wenye virusi vya ukimwi wako katika hatari kubwa zaidi. Katika hospitali za umma dawa zake hutolewa bila malipo, na kwa kawaida humezwa kwa miezi sita. Anayeziacha baada ya mwezi mmoja au miwili kwa kuwa amepata nafuu hujitafutia kifua kikuu sugu, kisichosikia dawa za kawaida.

Madhara ya moshi. Sigara huharibu kuta za vifuko vya hewa na kuzifanya njia za hewa kuwa nyembamba daima. Vifuko vilivyobomoka haviponi. Mgonjwa huanza kwa kikohozi cha asubuhi, kisha hushindwa kupanda ngazi, na mwisho hata kuvaa shati humchosha. Lakini si wavutaji wa sigara pekee wanaougua. Mwanamke aliyepika kwa kuni au makaa kwa miaka mingi katika chumba kisicho na dirisha huweza kupata ugonjwa huu huu ingawa hajawahi kushika sigara.

Aidha, jiko la makaa likiachwa ndani ya nyumba iliyofungwa wakati wa baridi hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, ambayo haina harufu wala rangi. Gesi hiyo hunyakua nafasi ya oksijeni katika damu na huweza kuua waliolala. Usilale na jiko ndani, hata kama makaa yanaonekana yamezimika.

JINSI FIGO ZINAVYOHARIBIKA

Visababishi vikuu vya ugonjwa sugu wa figo ni kisukari na shinikizo la juu la damu. Sukari nyingi katika damu huharibu vichujio hadi vikaanza kuvujisha protini. Shinikizo la juu nalo hukaza na kuumiza mishipa midogo inayoleta damu kwenye figo. Figo zikishaumia, huongeza shinikizo hilo zaidi. Huo ni mzunguko mbaya ambao hukatizwa tu kwa matibabu.

Vile vile kuna madhara tunayojiletea wenyewe. Tembe za maumivu za aina ya diklofenaki na ibuprofeni, zikimezwa kila siku kwa muda mrefu, hupunguza damu inayoingia katika figo. Hatari huzidi kwa mzee, mwenye kisukari, mwenye shinikizo la damu au aliyeishiwa na maji mwilini. Baadhi ya dawa za mitishamba pia zina sumu kwa figo, na kwa kuwa hazina kipimo, mtumiaji hawezi kujua amekunywa kiasi gani.

Krimu na sabuni za kung'arisha ngozi zenye zebaki ni hatari nyingine. Mwaka wa 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wa watu wazima 60 waliofura mwili kwa sababu figo zao zilikuwa zikivujisha protini. Zaidi ya nusu yao walikuwa wametumia krimu hizo. Bidhaa zenye zebaki zimepigwa marufuku humu nchini, lakini bado zinaweza kupatikana kwa njia za panya. Usipake usoni kitu ambacho hujui kimetengenezwa kwa nini.

Figo pia huweza kuacha kazi ghafla, kwa saa au siku chache. Hali hii huletwa na kuhara na kutapika sana, malaria kali, kupoteza damu nyingi wakati wa kujifungua, au viini kuenea katika damu. Ishara kubwa ni mkojo kupungua mno au kukosekana kabisa. Mgonjwa akiwahishwa, mara nyingi figo hupata nafuu na kurudia kazi yake.

KIMOJA KINAPOMWUMIZA MWENZAKE

Sasa tufike kwenye jambo ambalo wengi hawalijui. Chukua mfano wa mwanamume wa miaka 48, dereva wa matatu. Hajawahi kupimwa shinikizo la damu. Kwa sababu ya kuumwa na mgongo, hununua tembe za maumivu karibu kila siku. Mwaka huu ameanza kuamka usiku mara tatu au nne kwenda haja ndogo. Kisha akaanza kukohoa akilala chali, na sasa hawezi kulala bila mito miwili. Amemaliza chupa kadhaa za dawa ya kikohozi. Jirani amemwambia ana pumu.

Mapafu ya mtu huyu huenda hayana ugonjwa wowote wa asili. Figo zake zimeshindwa kutoa maji na chumvi. Maji hayo yamejaa katika damu, moyo unalemewa kuyasukuma, na sasa yanavuja hadi kwenye vifuko vya hewa. Akilala chali, maji husambaa kifuani na pumzi hukatika. Akikaa, hupata nafuu kidogo. Dawa ya kikohozi haiwezi kumsaidia, na kila wiki anayopoteza ni vichujio vingine vinavyokufa.

Kuna njia nyingine ambazo figo huukatizia mwili pumzi. Asidi ikizidi katika damu, mgonjwa huhema kwa nguvu na kwa haraka, kwani mapafu hujaribu kuipunguza kwa kutoa kaboni dayoksaidi zaidi. Damu ikipungua kwa sababu figo hazitoi homoni ya kutosha, mtu huchoka na kuhema kwa kazi ndogo tu. Fauka ya hayo, kinga ya mwili hudhoofika, na mgonjwa huambukizwa nimonia na kifua kikuu kwa urahisi.

Madhara huenda pia upande wa pili. Mapafu yaliyoharibiwa na moshi hushindwa kuleta oksijeni ya kutosha. Figo zinapohisi upungufu huo, huamuru chembe nyekundu ziongezwe, na damu huwa nzito. Upande wa kulia wa moyo, unaosukuma damu kuelekea mapafuni, hulemewa, nazo figo huanza kuhifadhi chumvi na maji. Ndipo miguu ya mvutaji sigara wa miaka mingi inapoanza kufura. Nimonia kali nayo huweza kushusha shinikizo la damu kiasi kwamba figo hukosa damu na kusimamisha kazi.

Hata dawa zina uhusiano huu. Baadhi ya tembe za shinikizo la damu zinazosaidia kulinda figo, kama vile enalaprili, huwaletea watu wengine kikohozi kikavu kinachosumbua. Ukikipata, usiache tembe hizo wala usinunue dawa ya kikohozi. Mweleze daktari, naye anaweza kukubadilishia. Kadhalika, baadhi ya dawa za mafua zina viungo vinavyopandisha shinikizo la damu, na dawa kadhaa za kifua kikuu hupunguzwa kipimo au kupangwa upya kwa mgonjwa wa figo. Kila unapoenda hospitalini kwa ajili ya kifua, taja kama una tatizo la figo. Na kila unapoenda kwa ajili ya figo, taja kikohozi.

VIPIMO VYA GHARAMA NDOGO

Mwaka wa 1827 Richard Bright, daktari wa hospitali ya Guy's jijini London, alichapisha maelezo kuhusu wagonjwa waliofura mwili. Mkojo wao ulipopashwa moto uliganda mithili ya ute wa yai, ishara kwamba ulikuwa na protini. Walipofariki, figo zao zilikutwa zimeharibika. Leo hakuna haja ya kuchemsha mkojo. Kijiti chembamba kikichovywa ndani yake huonyesha protini, damu na sukari kwa muda wa dakika chache.

Kwa hivyo, mtu mzima anayetaka kujua hali ya figo zake aanze na mambo matatu: shinikizo la damu, kipimo cha mkojo, na sukari. Shinikizo likipimwa mara kadhaa na kukutwa limefika 140 kwa 90 au zaidi, linahitaji kushughulikiwa na daktari. Mwenye kisukari au shinikizo la damu apimwe pia kreatinini, ambayo ni taka inayobaki katika damu figo zinaposhindwa kuichuja. Kwa upande wa mapafu, daktari husikiliza kifua, huagiza picha ya eksirei au kupima makohozi, na kuna kifaa cha kupulizia kinachoonyesha kama njia za hewa zimebana.

FIGO ZIKISHINDWA KABISA

Mgonjwa ambaye figo zake zimekufa huhitaji kusafishwa damu kwa mashine, yaani dayalisisi. Mashine ya kwanza iliyofaa kwa binadamu ilitengenezwa na daktari Willem Kolff nchini Uholanzi mwaka wa 1943, wakati wa vita. Leo mgonjwa hukaa kwenye mashine kwa muda wa saa nne hivi, mara mbili au tatu kwa wiki, maisha yake yote au hadi apate figo nyingine. Upandikizaji wa kwanza uliofaulu ulifanyika Boston, Marekani, mwaka wa 1954, kati ya ndugu pacha wa kufanana. Humu nchini upandikizaji hufanywa katika hospitali kadhaa, zikiwemo Hospitali Kuu ya Kenyatta, Nairobi, na ile ya Mafunzo na Rufaa ya Moi, Eldoret, aghalabu figo ikitolewa na jamaa wa mgonjwa.

Bima ya afya ya umma, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mnamo Oktoba 2024, hulipia dayalisisi kwa waliosajiliwa. Hata hivyo, nauli, chakula maalum, dawa na siku za kazi zinazopotea hubaki kuwa mzigo wa familia. Kijiti cha kupimia mkojo ni cha bei nafuu zaidi.

NENDA HOSPITALINI MARA MOJA UKIONA HAYA

- Kushindwa kumaliza sentensi kwa sababu ya kukosa pumzi, au midomo kugeuka rangi ya buluu.
- Kuamka usiku ukihema, au kushindwa kulala bila kuinua kichwa.
- Kukohoa damu, au kikohozi kilichopita wiki mbili.
- Uso kufura asubuhi, hasa kuzunguka macho, au miguu inayobakiza shimo ukiibonyeza.
- Mkojo wenye povu jingi lisiloisha, wenye damu, au uliopungua sana.
- Mtoto anayehema haraka au kukataa kunyonya.

UFANYE NINI NYUMBANI

Acha sigara, na usikubali ivutwe ndani ya nyumba yenye watoto. Pikia mahali penye dirisha au nje. Punguza chumvi isizidi kijiko kimoja cha chai kwa siku, ukihesabu ile iliyomo katika vibanzi na vyakula vya pakiti. Kunywa maji unapohisi kiu, na zaidi unapofanya kazi juani. Lakini aliyeambiwa na daktari apunguze maji, afuate hilo. Usimeze tembe za maumivu kila siku bila ushauri. Ukiwa na dawa za pumu, kisukari au shinikizo la damu, zitumie hata siku unazojihisi mzima, kwa maana hizo ndizo siku zinazolinda viungo vyako.

Machi 24 ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani, na Alhamisi ya pili ya mwezi huo huo ni Siku ya Figo Duniani. Lakini huna haja ya kungoja Machi. Siku utakayompeleka mzee wako kliniki kwa sababu ya kikohozi, mwombe mhudumu ampime pia shinikizo la damu na mkojo. Kazi hiyo haitachukua hata nusu saa, na jibu lake huenda likawaonyesha kwamba ugonjwa mliokuwa mkiutafuta kifuani umekaa mgongoni.